Naomi Girma: Kutoka timu ya baba yake mpaka beki wa dola milioni moja

Wadau, kuna swali linarudi kila ninapogusia soka la akina dada: hivi hawa Wamarekani wanawatoa wapi wachezaji wa kike wazuri namna ile? Wanaume wao wanahangaika, wanawake wamebeba Kombe la Dunia mara nne. Kuna wanaosema ni hela, wengine wanasema ni maziwa na lishe. Mimi nasema ni shule. Na badala ya kupiga porojo naomba nimtumie mtu mmoja kueleza, maana safari yake imepita kila kituo: timu ya mtaani, klabu ya vijana, chuo kikuu, ligi ya kulipwa, timu ya taifa, halafu Ulaya. Anaitwa Naomi Girma, beki wa kati.

Alizaliwa Juni 14, 2000 huko San Jose, California. Wazazi wake wote wawili ni Waethiopia waliohamia Marekani. Baba anaitwa Girma Aweke. Ukishajua hilo utagundua kwamba Girma sio jina la ukoo, ni jina la kwanza la baba yake, kama vile kwetu Asha Juma ni Asha mtoto wa mzee Juma. Wahabeshi wako hivyo hivyo. Kwa hiyo watangazaji wa Ulaya wanapopiga kelele "Girma! Girma!" kimsingi wanamuita mzee wake, na mzee huyo anastahili, kama utakavyoona.

Soka la watoto Marekani ni biashara. Sio kama huku ambako unapiga chandimu kwenye kiwanja cha vumbi, mpira wa makaratasi, mwenye mpira akikasirika mechi imeisha. Kule mtoto anajiunga na klabu, mzazi analipa ada, analipa jezi, analipa safari za mashindano, na kwa klabu kubwa hesabu inafika maelfu ya dola kwa mwaka. Ndio maana watu wengi kule wanalalamika kwamba soka lao limekuwa mchezo wa watoto wa wenye nazo. Mhamiaji anayeanza maisha anaipata wapi hela hiyo?

Baba yake Naomi alijibu kwa mtindo wa Kiafrika kabisa. Alishiriki kuanzisha timu ya jumuiya ya Waethiopia wa pale San Jose, ikaitwa Maleda, neno la Kiamhara lenye maana ya alfajiri. Wikiendi familia zinakutana, watoto wanacheza, wazazi wanapiga stori, chakula kinaletwa. Naomi alianza pale akiwa kama na miaka mitano. Ligi haikuwepo, wala maskauti. Ilikuwa ni namna ya watu waliotoka mbali kukutana na watoto wao wajuane, mpira ukiwa kisingizio.

Baadaye alipoonekana ana kitu cha ziada akapelekwa klabu za ushindani, ikiwemo California Thorns, na hapo ndipo makocha wa timu za taifa za vijana walipomuona. Mwaka 2016 alikuwa Jordan kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Mwaka 2020 alikuwa nahodha wa timu ya chini ya miaka 20 iliyochukua ubingwa wa ukanda wao. Kombe la Dunia la umri huo la mwaka ule lilifutwa kwa sababu ya Korona.

Sasa tuje kwenye kituo kinachowachanganya wengi, yaani chuo.

Huku kwetu ukimwambia mtu kwamba binti kaenda chuo kikuu, anachoelewa ni kwamba mpira umeisha. Timu ya chuo ni ya kujifurahisha, jezi zenyewe za kuazima. Marekani ni kinyume. Vyuo vina viwanja, makocha wanaolipwa vizuri, madaktari wa timu, basi la timu, na ligi inayosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo kinachoitwa NCAA. Msimu wa wanawake unaanza Agosti na bingwa anapatikana Desemba. Kocha wa chuo anazunguka nchi nzima (na siku hizi dunia nzima) kutafuta wasichana, na anachowapa ni ufadhili wa masomo. Cheza, tutakulipia ada.

Kwanini wanafanya hivyo kwa wanawake? Kuna sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX. Inasema chuo kinachopokea hela ya serikali kuu ya Marekani hakiruhusiwi kumbagua mtu kwa jinsia katika masomo, na michezo ya shule imo humo humo. Halafu kuna kitu ambacho nadhani hata waliotunga sheria hawakukipangia. Ule mpira wao wa kushika mkononi, wenye helmeti, ulikuwa unakula skolashipu 85 kwa timu moja tu kwenye daraja la juu. Zote za wanaume! Kusawazisha mzani, vyuo vikalazimika kuongeza nafasi kwa wanawake kwenye michezo mingine, na soka ni mchezo mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu timu ina watu wengi na vifaa sio ghali. Matokeo yake timu ya soka ya wanawake ya daraja la kwanza ikaruhusiwa skolashipu kamili 14, wakati ya wanaume ilikuwa 9.9. Ndio, tisa nukta tisa, sijakosea kuandika. Hesabu inakubali nukta kwa sababu kocha anaweza kuigawa skolashipu moja kwa watu wawili au watatu.

Utaratibu huo umebadilika mwaka 2025 baada ya kesi kubwa mahakamani. Vyuo vilivyokubali mfumo mpya sasa vinawekewa kikomo cha idadi ya wachezaji, 28 kwa soka la wanawake, na vinaweza kuwafadhili wote kama hela ipo. Pia tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo. Zamani ilikuwa marufuku, ukipokea hata zawadi ndogo unafungiwa.

Naomi alienda Stanford mwaka 2018. Kwa wasioijua, hiki ni chuo kigumu kuingia kuliko kupata viza, na kiko jirani tu na kwao San Jose. Alisomea kitu kinaitwa mifumo ya alama, mchanganyiko wa kompyuta, falsafa, saikolojia na isimu. Jamani, beki wa kati! Mtu anatoka mazoezini goti limevimba anaenda kusoma jinsi mashine inavyoelewa lugha.

Kikosi alichokikuta kilikuwa cha kutisha. Kulikuwa na Catarina Macario, mzaliwa wa Brazil, mshambuliaji aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mara mbili. Kulikuwa na Sophia Smith, mwenye kasi ya pikipiki. Langoni alikuwepo Katie Meyer, kipa mwenye maneno mengi na roho ya simba. Mwaka 2019, Naomi akiwa mwaka wa pili tu, tayari alikuwa nahodha.

Fainali ya mwaka huo ilipigwa Desemba 8, 2019, na kwa bahati ilikuwa San Jose, mji aliozaliwa. Wapinzani ni North Carolina, chuo chenye mataji mengi kuliko chuo kingine chochote cha wanawake, kilichomtoa Mia Hamm. Dakika 90 zikaisha bila goli, za nyongeza nazo zikaisha bila goli. Ikawa matuta. Katie Meyer akapangua mawili, Stanford wakashinda 5-4. Picha ya Katie akimkodolea macho mpigaji baada ya kuudaka mkwaju ilizunguka dunia nzima. Mimi mwenyewe niliiona kabla hata sijajua nani kashinda.

Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake, na hapa kuna jambo la kulitazama. Sophia Smith hakungoja, aliacha chuo na kwenda kucheza soka la kulipwa mwaka 2020. Macario naye Januari 2021 akaenda Lyon, Ufaransa, na mwaka 2022 akabeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Naomi akabaki. Mwaka 2020 alikatika ile kano ya goti inayoitwa ACL, jeraha linalowaumiza wachezaji wa kike zaidi kuliko wanaume na linalochukua miezi tisa mpaka mwaka kupona.

Sasa jiulize. Binti wa miaka 20, goti limekatika, wenzake wako kwenye televisheni. Angekuwa kwenye klabu ndogo isiyo na bima, mwisho wake tunaujua, tumewaona wengi huku. Mtaani kwangu kuna dada alikuwa anakaba kama ukuta, goti likamzingua kwenye mechi ya mkoa, kipimo cha mashine kikakosa mtu wa kukilipia, na hadithi ikaishia pale. Naomi alikuwa na chuo kinachomtibu, bado yuko darasani, skolashipu iko palepale. Mwaka 2021 akarudi uwanjani, akamaliza.

Desemba 2021 ikafika siku ya drafti. Sio ile drafti ya vizibo vya soda tunayocheza kijiweni. Ilikuwa ni mnada usio na hela: klabu za ligi ya wanawake ya Marekani, NWSL, zinapanga foleni na kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni mmoja mmoja. Mchezaji hachagui, anachaguliwa. San Diego Wave, klabu mpya kabisa, walikuwa na nafasi ya kwanza na wakamtaja Naomi Girma. (Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2024 kwenye mkataba mpya kati ya ligi na chama cha wachezaji. Siku hizi binti anayemaliza chuo anaongea na klabu yoyote anayoitaka. Naona ni haki, kwa sababu mhandisi akimaliza chuo hakuna anayempangia kampuni kwa foleni.)

Hapo ilitakiwa iwe furaha tupu. Lakini Machi 1, 2022 Katie Meyer alifariki pale Stanford. Alikuwa na miaka 22 na alijiua. Naomi alikuwa rafiki yake wa karibu sana.

Nimefikiria mara mbili kama niliandike hili. Nimeliandika kwa sababu Naomi mwenyewe hajalificha. Wiki sita baadaye, Aprili 12, 2022, alicheza mechi yake ya kwanza timu ya wakubwa, dhidi ya Uzbekistan. Watu wanaangalia jezi mpya, hawajui kilichomo ndani ya anayeivaa. Kabla ya Kombe la Dunia la 2023 alitoka hadharani, akaandika kuhusu Katie, na pamoja na wachezaji wenzake na shirika la Common Goal wakaanzisha mradi wa kuzungumzia afya ya akili kwa wanamichezo. Kituo cha televisheni cha Fox, kilichokuwa na haki ya kuonyesha mashindano hayo Marekani, kiliahidi kutenga asilimia moja ya matangazo yake kwa mada hiyo.

Huku kwetu mchezaji akizubaa uwanjani tunasema karogwa, au kalewa sifa. Msichana anayelia vyumbani tunamwambia ajikaze. Kama wewe unayesoma hapa, au rafiki yako, unapita kwenye giza la namna hiyo, mwambie mtu leo. Dada, mwalimu, daktari, yeyote unayemwamini.

Msimu huohuo wa kwanza San Diego, Naomi alichukua tuzo mbili za ligi: mchezaji bora chipukizi na beki bora. 2023 akachukua tena ya beki bora, na klabu ikamaliza ligi kileleni. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 Marekani walitolewa mapema na Sweden kwa matuta, na ikaandikwa kwamba ni aibu. Lakini angalieni nyuma: mechi nne, goli moja tu la kufungwa. Aliyefeli sio beki. Shirikisho lao likampa Naomi tuzo ya mchezaji bora wa kike wa mwaka huo, na alikuwa beki wa kwanza kabisa kuipata.

Tatizo la beki mzuri ni kwamba haonekani. Mshambuliaji anafunga, anavua jezi, anapigwa picha. Beki mbaya naye anaonekana, anateleza chini vumbi linatimka, mashabiki wanashangilia "kaokoa!" Naomi ni nadra kumuona chini. Anakuwa ameshafika kabla mshambuliaji hajafikiria. Angalia miguu yake anapomsubiri mtu: anasimama upande, anamfungia njia ya ndani, anamsukumia pembeni taratibu mpaka yule binti anaishiwa na uwanja. Halafu anauchukua mpira kama mtu anayeokota kitabu mezani, anainua kichwa, anatoa pasi ya mbele. Hana haraka. Kwangu mimi hiyo pasi ndio inayomtofautisha, kwa sababu mabeki wengi wakishanyang'anya wanabutua tu.

Olimpiki ya Paris 2024 ndio iliyomaliza ubishi. Mechi ya kwanza Marekani walikutana na Zambia ya Barbra Banda na Racheal Kundananji, washambuliaji wanaoogopwa dunia nzima, wakashinda 3-0. Ni kweli Zambia walipata kadi nyekundu mapema, tusiwaonee. Kuanzia robo fainali Marekani hawakuruhusu goli hata moja: Japani 1-0, Ujerumani 1-0, na fainali Agosti 10 Brazil 1-0. Naomi alicheza kila dakika. Kocha wao Emma Hayes, mama aliyewahi kuitawala Uingereza akiwa Chelsea, alisema hajawahi kuona beki kama yeye. Oktoba mwaka huo, kana kwamba anatania, akaifunga Argentina magoli mawili, ya kwanza kwake timu ya taifa.

Januari 26, 2025 Chelsea wakamtangaza. Dola milioni 1.1, zaidi ya bilioni mbili na nusu za madafu. Alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Na aliyekuwa anashikilia rekodi kabla yake ni yuleyule Kundananji wa Zambia, aliyenunuliwa na Bay FC Februari 2024 kwa karibu dola laki nane. Yaani kwa takriban mwaka mzima mwanamke ghali kuliko wote kwenye soka alikuwa binti wa Zambia, na kabla hatujamaliza kushangilia akafuata mtoto wa Wahabeshi. Rekodi ya Naomi haikufika hata miezi sita: Julai 2025 Arsenal walimnunua Olivia Smith wa Kanada kwa pauni milioni moja, na Agosti Orlando Pride wakamchukua Lizbeth Ovalle wa Mexico kwa dola milioni 1.5.

Kwa wanaouliza: hapana, hiyo milioni haikuingia mfukoni mwake. Ada ya uhamisho inalipwa kwa klabu inayouza, hapa San Diego Wave. Yeye analipwa mshahara kwa mkataba wake, ambao ulisainiwa mpaka 2029. Jeraha la mguu lilimchelewesha kuanza, lakini msimu huo wa 2024/25 Chelsea walimaliza ligi bila kufungwa na kubeba vikombe vyote vitatu vya ndani. Huko alimkuta Macario, mwenzake wa Stanford. Dunia ndogo.

Najua kuna dada atauliza: na mimi naweza kwenda huko? Inawezekana, mabinti wa Afrika wapo kwenye vyuo vya Marekani, na sio lazima iwe Stanford. Kuna mamia ya vyuo, na kuna ligi nyingine ya vyuo vidogo inaitwa NAIA. Ila jueni haya. Cha kwanza wanachotaka ni matokeo ya darasani. Ukiwa na chenga mguuni na sifuri kidato cha nne, kocha hawezi kukusaidia hata akikupenda vipi. Pili, video: dakika chache za mechi halisi, sio danadana. Tatu, muangalie mikataba, kwa sababu NCAA inahesabu kama umeshacheza soka la kulipwa, na kusaini klabu kwa tamaa ya laki mbili kunaweza kukuharibia nafasi ya miaka minne. Nne, barua pepe za makocha ziko wazi kwenye tovuti za vyuo, unaandika mwenyewe bure. Anayekwambia umtumie hela kwanza ili "akuunganishe na kocha" ni tapeli, hata kama ana picha na nani.

Na wale wanaotaka kuniuliza kwanini hakuchezea Ethiopia: alizaliwa Marekani, na Ethiopia hairuhusu uraia pacha. Mjadala huo tunaujua hata sisi, leo siufungui.

Kama bando lako linaruhusu, tafuta ile nusu fainali ya Olimpiki na Ujerumani, Agosti 6, 2024. Usiufuate mpira. Mfuate yeye, namba 4, dakika kumi tu, uone anavyotembea wakati wenzake wanakimbia.